Uso wa Bibi Romana

Mpanda, mtu akitaka kupigwa picha na mwenzi wake bila kutoka sebuleni kwake, alimwita Fausta. Alikuwa na kibanda Kawajense kwa ajili ya picha za paspoti na za komunio ya kwanza, lakini kilichompa jina ni kubeba studio na kuipeleka mlangoni kwa mtu. Studio yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Kulikuwa na stendi mbili alizochomewa na fundi wa magrili kwa vipande vya nondo, na balbu za kuchaji alizozifunga ndani ya ndoo za rangi zilizokatwa chini. Kulikuwa na shuka jeupe lisilo na maua, na boksi la televisheni alilolibandika karatasi ile ya kung'aa wanayofungia kuku wa kuchoma. Hilari, bodaboda wake wa siku zote, alivifunga vyote kwa mpira nyuma ya pikipiki na kutangaza njia nzima kwamba amebeba harusi, bibi harusi anafuata.

Fausta aliipenda kazi hiyo kuliko zote. Watu wamelala kitanda kimoja nusu ya maisha yao, ukiwaambia sogeleaneni wanakuwa wageni. Mume anakaa kama ameitwa kwa mkuu wa wilaya, mke anaangalia kapeti. Yeye hakuwaharakisha. Alisogeza makochi, akagongea misumari ya shuka, akawaacha wamkodolee macho mpaka wakasahau kwamba wanasubiri kupigwa picha. Ndipo akauliza, "Kati yenu nani anakoroma?" Mmoja akicheka na mwingine akikana, kamera ilikuwa imeshalia. Taa aliiweka pembeni, nyuma ya shuka, na boksi la kung'aa upande wa pili lirudishe mwanga penye kivuli. "Taa ikipita kwenye shuka inakuwa na adabu," aliwaambia wateja. Na kweli, wazee walijiona kwenye picha wakasema, kumbe bado tupo.

Msimu ule mpunga ulikuwa umeshavunwa na watu wanafanya sherehe zao. Asubuhi moja akaja kibandani mwanaume mmoja, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, sauti ya chini, adabu nyingi. Akajitambulisha kwa jina la Venant, mkulima wa Mwamkulu.

"Dada, nataka picha ya baba yangu mdogo na mke wake. Wana jubilei ya ndoa kigangoni mwezi ujao. Sisi watoto tumeona tuwafanyie kitu."

"Hongera zao. Nitakuja na taa zangu, wasihangaike."

"Ila na mama mdogo umpige peke yake. Uso tu. Karibu."

"Na mzee?"

"Mzee inamtosha ile ya pamoja." Akageuka kuondoka, halafu akasimama mlangoni. "Usimrembeshe. Nyie watu wa picha mnapenda kumgeuza mtu awe mwingine. Macho yake yatoke kama yalivyo."

Fausta akasema sawa. Wateja wana mengi. Kuna mmoja aliwahi kutaka cherehani ikae katikati yake na mkewe. Hakulifikiria tena.

Siku ya kazi Hilari alimpeleka kwa njia ya mashambani, katikati ya majaruba yaliyobaki mabua matupu. Walipofika penye kisima Fausta alimsalimia mama mmoja aliyekuwa anachota maji, akamuuliza kwa mzee Ponsian, baba mdogo wa Venant.

"Kwa mzee Ponsian?" yule mama akasema. "Mnaenda nyumbani kwenyewe?"

"Ndiyo. Tunaenda kuwapiga picha na bibi."

Yule mama akaelekeza kwa midomo. Kisha akajitwisha ndoo ambayo haijajaa, akaondoka bila kuaga.

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati jipya, jiko la nje pembeni. Mzee Ponsian alitoka kuwapokea akiwa na koti la suti lililomzidi mabega, anacheka kabla hata hajasalimiwa. "Karibu, binti! Leo na sisi tunakuwa wasanii." Nyuma yake akaja bibi Romana, mdogo wa umbo, kitenge kipya kinachonukia moshi. Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba pembeni, kope karibu zote zimekwisha. Alikuwa anayafuta kwa ncha ya kitenge kila mara, kwa mazoea, kama mtu anayefukuza nzi.

"Moshi huu, mwanangu," alisema alipoona Fausta anamtazama. "Tangu nikiwa binti napikia kuni mbichi. Hospitali walinipa dawa ya kupaka, ikaisha."

Akawaletea uji wa ulezi kwenye vikombe vya bati. Hilari alikuwa ameshaondoka kutafuta chai barabarani. Fausta akanywa wote, kwani alikuwa na njaa. Venant, ambaye alifika kabla yao, alikipokea kikombe chake kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka dirishani. Hakukaa. Muda wote alisimama mlangoni akiegemea fremu, na Fausta alipopita na stendi ilibidi aombe njia.

Picha ya pamoja ilitoka bila shida. Aliwakalisha kwenye kochi la watu wawili, taa nyuma ya shuka, boksi juu ya kiti upande wa pili. "Haya semeni ukweli," akawaambia. "Nani alimpenda mwenzie kwanza?"

"Mimi sikumpenda," mzee Ponsian akasema. "Nilimwonea huruma. Nilimkuta anapalilia shamba la watu kumi peke yake."

"Muongo huyu!" Romana akamfinya mkono. "Alikuja kuomba maji mara nne kwa siku moja."

Kamera ikalia wakati kichwa cha bibi kimeangukia begani kwa mzee na mdomo wa mzee uko wazi. Fausta akaangalia kwenye kioo cha kamera akajua ameipata. Ilikuwa kati ya picha nzuri alizowahi kupiga.

"Sasa mama mdogo," Venant akasema kutoka mlangoni.

Mzee akainuka. Bibi akabaki katikati ya kochi, ameweka mikono magotini. Fausta akasogeza kamera na taa karibu, na hapo akaona macho yanaanza kumwagika machozi, kwani taa sasa ilikuwa karibu na uso. Akataka kuirudisha nyuma.

"Hapana," Venant akasema. "Iache. Toa hiyo shuka."

"Nikitoa shuka taa itamuumiza."

"Picha ni dakika moja tu, dada."

Kabla hajajibu, Venant alikuwa ameingia ndani, akalivuta shuka mwenyewe, msumari mmoja ukaanguka sakafuni. Taa ikampiga bibi usoni bila kizuizi. Akashtuka, halafu akakaa sawa kama alivyoelekezwa, akaangalia mbele moja kwa moja, machozi yakishuka mashavuni, kope zile chache zikipepesa. Hakulalamika. Mzee Ponsian alikuwa ameacha kucheka. Fausta alipiga upesi upesi ili amalize, akaizima taa kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia bibi, "Pole, mama. Basi. Imekwisha."

Akaenda kukung'uta shuka nyuma ya nyumba, maana lilikuwa limechafuka vumbi. Ndipo alipomsikia Venant upande wa pili wa ukuta, anaongea na simu kwa ile sauti yake ya chini.

"Ameshapigwa. Yote mawili, mekundu vile vile... Ijumaa nakuletea mwenyewe, mtaalamu ayaone, athibitishe tu... Hapana, vijana wapo. Wanasubiri neno lake."

Fausta alisimama na shuka mikononi. Venant akajitokeza kwenye kona, simu imeshaingia mfukoni, akamkuta pale pale. Walitazamana.

"Uji wa mama mdogo umekunywa?" akamuuliza.

"Nimekunywa."

"Wote?"

"Wote."

"Mimi huwa sinywi," Venant akasema, akatabasamu, akamsaidia kukunja shuka pembe kwa pembe.

Kibandani, Fausta aliifungua ile picha kwenye kompyuta akaikuza mpaka ikajaa kioo. Haikuwa picha ya jubilei. Ilikuwa uso wa mama mzee anayelia akiangalia kitu asichokijua, na macho yake yalikuwa mekundu kama makaa. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba macho mekundu ni ya mchawi angeona pale alichokitaka.

Fausta alikulia huko Mpimbwe. Alipokuwa darasa la pili, jirani yao alikuwa bibi mmoja mwenye macho ya namna hiyo, aliyezoea kuwapa watoto miwa. Siku moja asubuhi watu wamesimama mlangoni kwa yule bibi, kimya, na mama yake Fausta akamshika mkono akampeleka shule kwa njia nyingine. Hakuna aliyemwambia kitu. Njia ya shule ikawa ile nyingine tangu siku hiyo, na watoto wote wakaizoea.

Kesho yake alimwita Hilari akamwambia waende tena Mwamkulu, kwa kisingizio kwamba picha mojawapo imetoka na ukungu. Aliwakuta wazee wawili jikoni, bibi anachambua mchele, mzee anatengeneza mpini wa jembe. Fausta akakaa kwenye kigoda. Akatafuta maneno, hakuyapata, akasema tu alichokisikia, chote, mpaka neno la mwisho.

Mzee Ponsian hakuacha kukwangua mpini. "Tunajua, binti."

"Mnajua?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Venant alizika mtoto, homa. Haikupita muda akazika wa pili. Msiba wa pili huyu mama alipika, na chakula chake hakuna aliyekigusa. Sufuria zilirudi zimejaa." Akapuliza vumbi la mti. "Mimi nalala mlangoni siku hizi. Yeye nimempa chumba cha ndani."

"Sasa kwa nini mlikubali picha?"

Aliyejibu ni bibi.

"Kwa sababu aliomba yeye. Alikuja hapa kwa adabu, akasema anataka kutufanyia jubilei. Mzee alipiga goti akamshukuru Mungu. Akaniambia, Romana, mtoto amerudi." Akayafuta macho. "Yule mtoto wake wa kwanza nilimwogesha mimi, mwanangu. Kitovu kilikatikia mkononi mwangu. Jana nimekaa kwenye ile taa inaniunguza, najiambia, vumilia, mtoto anataka akuone vizuri."

Fausta aliwauliza kama hawana mtu wa kuwachukua. Walikuwa na binti, Doto, anayeanika na kuuza dagaa Ikola, ziwani. Lakini bibi hakutaka kuondoka. "Nikiondoka watasema nimekimbia kwa kuwa ni kweli."

"Na ukibaki, bibi, watasema nini?"

Bibi akaurudia mchele wake. Mzee ndiye aliyeinuka, akampeleka Fausta kwenye mlango wa stoo ambako namba ya Doto ilikuwa imeandikwa kwa mkaa.

Doto alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. Nyuma yake kulisikika injini za boti na watu wanaitana. "Nakuja na gari la dagaa," akasema hatimaye. "Litageuza Ijumaa. Wewe usimpe ile picha. Usimpe hata kwenye simu."

Mchana huo huo Fausta akaenda na mzee Ponsian polisi, dawati la jinsia. Askari wa kike aliyewapokea aliandika maelezo yao, akauliza maswali mengi, akasema Venant ataitwa. Halafu akaweka kalamu chini. "Mzee, nakwambia kama mwanao. Mtoe mama kwanza. Mengine yatafuata."

Usiku ule Fausta aliifuta picha ya uso. Aliifuta kwenye kadi, akaifuta kwenye kompyuta, halafu akakaa anaangalia pale ilipokuwa.

Ijumaa, kabla ya saa sita, Venant akaja. Shati lilikuwa lile lile, vifungo mpaka shingoni, na begani begi dogo la safari. Fausta alijua kwamba muda huo gari la Doto linatakiwa kuwa Mwamkulu. Akamkaribisha kiti. Akamuuliza habari za nyumbani, za mpunga, za bei ya gunia. Akawasha printa, akaizima, akasema inapata moto. Akamtolea ile picha ya wawili, bibi ameangukia begani kwa mzee, akaiweka mezani mbele yake.

Venant aliitazama kwa muda mrefu kuliko Fausta alivyotegemea. "Imetoka vizuri," akasema. "Baba mdogo alikuwa anacheka hivi hivi na marehemu baba." Akaisukuma kando kwa kidole. "Ile nyingine."

"Ile nyingine sina."

"Huna?"

"Nimeifuta. Haikuwa nzuri."

"Sikutaka nzuri."

Nje fundi wa redio alikuwa anajaribu spika, muziki ukiwaka na kukatika. Venant akaweka begi sakafuni. Hakupandisha sauti.

"Dada, una mtoto?"

"Ninaye."

"Mmoja?"

"Mmoja. Wa kike."

"Mimi nilikuwa nao wawili. Wa pili alikuwa ameanza kuniita. Anasema 'ba', hajafika mwisho." Akajipangusa midomo. "Unajua kubeba jeneza unaloweza kulibeba peke yako?"

"Pole, kaka. Pole sana."

"Pole nimepewa nyingi. Nimechoka pole. Nataka mtu aniambie kwa nini."

Fausta alimtazama, na kwa mara ya kwanza alimwona jinsi alivyokonda ndani ya lile shati. Akasema, "Ilikuwa homa, kaka Venant. Yule mama macho yake ni moshi. Ukimpeleka hospitali watakuambia."

Lilikuwa kosa kusema hivyo. Uso wa Venant ukafungika kama mlango. Akamtazama Fausta kuanzia kichwani kushuka, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Kumbe umerudi kwake. Umekunywa uji wake, umeficha uso wake, sasa unamsemea." Akachukua begi. "Sawa. Nilikuwa nahesabu mmoja."

Akatoka, akaurudisha mlango polepole mpaka ukagusa fremu bila kulia. Fausta akashika simu akapiga. Doto akapokea, gari linanguruma, akasema neno moja tu: "Tumetoka."

Mzee Ponsian alibaki nyuma. Alisema mpunga uko stoo, hawezi kuuacha kama uchafu, na mwanaume hakimbii nyumba aliyoijenga. Jumapili iliyofuata, akiwa kigangoni kwenye misa, nyumba iliwaka. Watu waliofika baadaye walisema moto ulianzia chumba cha ndani. Bati jipya lilijikunja kama karatasi, mpunga ukaendelea kufuka siku kadhaa, na harufu ya wali wa kuungua ikatanda mpaka barabarani. Ilikuwa mchana kweupe, majirani wapo, lakini kila aliyeulizwa alikuwa shambani, hata wasio na mashamba. Polisi walimkamata Venant na vijana wengine wawili. Shahidi hakupatikana. Wakaachiwa.

Mzee akaenda Ikola na lile koti la suti, basi. Jubilei ya kigangoni haikufanyika. Fausta aliituma picha ya wawili kwa Doto, akaambiwa bibi ameipokea, ameiangalia kwa karibu sana kwa sababu ya macho, kisha akauliza kama ile nyingine kweli imefutika.

Kazi za Mwamkulu zilikauka. Hakuna aliyemwambia sababu. Mtu alipiga simu kuomba picha ya harusi, akaulizwa na mwenzake pembeni jina la mpiga picha, akasema atapiga tena. Fausta alimwomba Hilari awe anampeleka mtoto shule na kumrudisha, na Hilari hakuuliza kitu, wala hakutania tena. Fausta aliendelea kuingia kwenye sebule za watu na ndoo zake na shuka lake. Ila sasa, kabla ya kufungua begi, aliuliza picha ni ya nani na itakwenda wapi. Kuna waliochukia swali hilo wakamtoa. Alifunga mizigo akaenda.

Mvua zilipoanza alikuwa sokoni karibu na stesheni ananunua mafuta ya taa, akasikia mtu anamsalimia kwa nyuma. Alikuwa Venant. Amebeba mfuko wa mbegu, shati limefungwa vizuri.

"Kazi zinaendaje, dada?"

"Zinakwenda."

"Na binti? Anasoma?"

Fausta hakujibu.

Venant akatikisa kichwa kama aliyejibiwa vizuri. Akauhamisha mfuko bega la pili. "Nasikia Ikola ziwa limechafuka sana wiki hizi," akasema. "Dagaa hazikauki. Hasa kwenye vile vichanja vya mwisho, karibu na mto. Wazee wasingekaa kule na upepo ule." Akamtakia kazi njema, akapotea katikati ya bajaji.

Fausta aliacha mafuta kaunta. Alipiga simu amesimama pale pale barabarani, watu wanamkwepa. Alimwambia Doto alichoambiwa, neno kwa neno. Doto akasema kuna mtu alikuja juzi vichanjani, akauliza bei ya dagaa kwa muda mrefu, akaondoka bila kununua. Alikuwa anaangalia ndani ya nyumba wakati anauliza.

Kesho yake namba ya Doto haikupatikana, wala keshokutwa. Fausta hakulala vizuri siku zote hizo. Alikwenda tena dawati la jinsia, yule askari akampigia mwenzake wa huko, akaambiwa nyumba ya vichanja vya mwisho iko tupu, imefagiliwa, hakuna dalili ya fujo. Wiki ikaisha. Halafu, akiwa anawapanga maharusi kwenye sebule moja ya Nsemulwa, simu yake ikaita kwa namba asiyoijua.

"Ni mimi," Doto akasema. "Tumehama wote. Wazee wazima. Mama amepata daktari wa macho."

Fausta alitoka barazani na simu sikioni, akaegemea nguzo. Hakuuliza wako wapi, na Doto hakusema.